UZI: Vijana wa Kiyahudi wa Marekani wanavyonolewa kabla ya kuingia chuo kikuu

Mwalimu wa Namba (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Kuna bandiko lilipita hapa likidai Wayahudi wana "siri" ya kuingiza watoto wao vyuo vikubwa vya Marekani. Nimelisoma lote, pamoja na vituko vya wachangiaji. Mimi nafundisha hisabati kwenye sekondari ya Kiyahudi huku New Jersey. Si Myahudi, ni mtu wa Korogwe niliyekuja kusoma nikabaki. Kinachofanyika nakiona kila siku na hakuna kilichofichwa, ila ni kazi ambayo wengi wetu tungeikimbia. Nitaandika kwa vipande katikati ya vipindi, mtanivumilia.

Tuanze na mazingira. Darasa la 11 ndilo linalokamua: mtihani wa SAT wa kuombea vyuo, alama, kutafuta walimu wa kukuandikia barua, kuanza kufikiria insha ya maombi. Juu ya hayo shule yangu ina mitaala miwili ndani ya siku moja. Kuna Torati, Talmudi (mijadala ya kale ya marabi kuhusu sheria) na Kiebrania, halafu fizikia, historia, na mimi na hesabu zangu. Majira ya baridi watoto wanaondoka giza limeshaingia. Ada ya shule za aina hii ni dola 20,000 kwa mwaka na zaidi, na wazazi wanalia kama wazazi wa Dar. Ila msidhani wote wanasoma hivyo. Wayahudi wengi wa Marekani wako shule za serikali, dini wanaigusa Jumapili au jioni, na wengine hawaigusi kabisa.

Sasa nje ya shule kuna tabaka jingine ambalo wengi hamlijui. Kuna vyama vya vijana vya zamani: AZA ilianzishwa Omaha, Nebraska, mwaka 1924, na leo ni sehemu ya BBYO, jumuiya kubwa ya vijana wa Kiyahudi. Huko wanajifunza kuongoza vikao, kupiga kura, kugombana kwa utaratibu. Halafu kuna programu za akili hasa. Inayotajwa sana ni Bronfman Fellowship, iliyoanzishwa mwaka 1987 na tajiri Edgar Bronfman wa kampuni ya vinywaji ya Seagram. Kila mwaka wanachukua vijana 26 tu kutoka Marekani na Kanada, waliomaliza darasa la 11 na wanaelekea la 12. Haina malipo. Huanza na majira ya joto ya kusoma pamoja, na semina zinaendelea mwaka mzima, mwaka ule ule wanaojaza fomu za vyuo.

Nikirudi nitaeleza wanafundishwa nini, maana hapo ndipo bandiko lile lilipopotea njia.

---

Kipanga Mzee

Naweka kambi hapa. Ila mwalimu, vijana 26 tu nchi mbili nzima? Hiyo si elimu, hiyo ni mchujo. Chukua 26 wenye akili kuliko wote, wapeleke popote, hata kuvua dagaa, watafaulu tu.

---

Mwalimu wa Namba

Kipanga, hoja yako ina uzito na wenyewe wanaijua. Ndiyo maana sipimi programu kwa majina ya vyuo walikoingia. Naangalia kijana anarudi vipi.

Jambo la kwanza, wale 26 wanachanganywa makusudi. Kuna wa Orthodoksi, Wayahudi wa msimamo wa kale, anayeshika Sabato bila kugusa swichi ya taa, kuna wa Reform, madhehebu ya kisasa, ambaye rabi wake ni mwanamke anayepiga gitaa, kuna asiyeamini Mungu kabisa. Walimu nao vivyo hivyo, marabi wa madhehebu yasiyosali pamoja. Wanawekwa meza moja na ukurasa mmoja wa Talmudi.

Niwaeleze huo ukurasa, maana bila kuuona hamtaelewa. Katikati kuna maandishi yenyewe, Mishna (sheria) na Gemara (mjadala juu yake). Upande wa mshono wa kitabu kuna maelezo ya Rashi, mwalimu wa Ufaransa wa karne ya 11. Upande wa nje kuna Tosafot, kazi ya wajukuu wa Rashi na wanafunzi waliofuata, na shughuli yao kubwa ni kumbana babu yao: "Hapa umesema hivi, mbona kule kuna kinyume?" Mpangilio huo ndio ule ule tangu Daniel Bomberg alipouchapa Venice kuanzia mwaka 1520. Yaani mtoto wa miaka 16 akifungua kitabu, anakuta mabishano ya miaka elfu moja yamepangwa kwenye karatasi moja na nafasi yake imeachwa pembeni.

Hausomi peke yako. Mnakuwa wawili, wanaita havruta. Mmoja anasoma kwa sauti mstari mmoja, anaeleza, mwenzake anashambulia. Shuleni kwetu chumba kina jozi ishirini, wote wanapayuka kwa pamoja. Siku ya kwanza niliyopita pale nilidhani kuna ugomvi, nikachungulia kutafuta mwalimu wa zamu. Mwalimu alikuwa kapigwa kona na wasichana wawili wakimwambia hajasoma vizuri.

Mfano wa somo la kuanzia, liko mwanzo wa Bava Metzia, kitabu kimojawapo cha Talmudi. Watu wawili wameshika shuka. Huyu anasema yote yangu, yule anasema yote yangu. Hakuna shahidi. Kila mmoja ataapa kwamba ana haki isiyopungua nusu, kisha wagawane nusu kwa nusu. Rahisi. Sasa mmoja anasema yote yangu, mwingine anasema nusu yangu. Mtagawaje? Jibuni kabla sijawapa.

---

BintiMakorora

Mwenye "yote" anapewa nusu, mwenye "nusu" anapewa nusu. Kila mtu nyumbani.

Kipanga Mzee

Wauze shuka wanywe soda.

Shela Baharini

Assalam alaykum. Skiza mwalimu. Sisi kwenye mirathi tuna aul. Mafungu yakizidi mali, kila fungu linapunguzwa kwa uwiano. Mmoja adai moja nzima, mwingine nusu, jumla moja na nusu. Basi wa kwanza theluthi mbili, wa pili theluthi moja. Kwisha maneno.

---

Mwalimu wa Namba

Wa alaykum salaam, shekhe wangu. Talmudi inasema robo tatu na robo. Hoja yake: anayedai nusu amekwisha kubali kwamba nusu nyingine si yake, hiyo haina ugomvi, mpe mwenzake. Kinachogombaniwa ni nusu iliyobaki, igawanye sawa.

Angalia vizuri, tofauti yenu si ya hesabu. Wewe unagawa madai, wao wanagawa ugomvi. Hicho kitu niliwahi kukiona darasani kwangu kwa njia ya ajabu. Mwanafunzi mmoja aliniletea karatasi ya mwaka 1985 ya Robert Aumann na Michael Maschler. Hao ni wanahisabati walioichukua sehemu nyingine ya Talmudi, Ketubot, kuhusu wajane watatu wanaodai 100, 200 na 300 kwenye mali isiyotosha. Mgawo uliomo pale uliwasumbua wafasiri kwa karne nyingi, kila kiasi cha mali kinaonekana kina kanuni yake. Aumann na mwenzake wakaonyesha kwamba ni kanuni ya shuka tu, ukiitumia kwa kila jozi ya wadai. Mwaka 2005 Aumann alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi yake ya nadharia ya michezo, yaani hesabu za watu wanavyoshindana na kushirikiana. Na aliyemwonyesha ile sehemu ya Talmudi ni mwanawe Shlomo, aliyekuja kuuawa vitani Lebanoni mwaka 1982.

Mtoto ndiye aliyempa baba yake swali. Kwenye Taanit, kitabu kingine cha Talmudi, kuna rabi anasema amejifunza mengi kwa walimu wake, zaidi kwa wenzake, na zaidi ya wote kwa wanafunzi wake. Shule nyingi nilizopitia mimi mwalimu angesikia hivyo angetafuta kiboko.

---

Shela Baharini

Wanagawa ugomvi. Hiyo nimeipokea lakini sijaikubali. Huyo aliyedai nusu ameadhibiwa kwa ukweli wake. Angesema uongo adai yote, angepata nusu. Amesema kweli, kapata robo. Sharia gani hiyo ifundishayo watu kudai zaidi?

Na jambo la darsa hata kwetu lipo. Msikiti wa Riyadha, Lamu, mtu akaa mbele ya shekhe na kitabu, asoma, arekebishwa, hadi apewe ijaza, idhini ya kufundisha. Tofauti ni kwamba kijana wetu hampayukii shekhe. Lakini ukisoma vitabu vyenyewe, maulamaa walipingana kweli kweli. Aul yenyewe sahaba Ibn Abbas aliipinga.

---

Mama Wawili, Toronto

Mwalimu, shikamoo. Nina swali la mzazi. Nina kijana wa darasa la 11 hapa, nimelipia mshauri wa maombi ya vyuo, anamrekebishia insha mpaka sasa insha haina sauti ya mtoto wangu. Hao walezi wa Kiyahudi wanafanya nini tofauti? Au nao ni wale wale?

---

Mwalimu wa Namba

Marahaba, mama. Washauri wa kulipwa wako wengi, na wazazi wa shule yangu wanawaajiri kama wewe ulivyofanya. Hilo si la Wayahudi, ni la wenye uwezo wote. Ninachokisifia ni kitu kingine, yule mtu mzima anayeshikamana na kijana bila kuwa na hesabu naye. Rabi wa shule, mwalimu wa programu ya majira ya joto, mara nyingi mhitimu wa programu ile ile aliye mwaka wa pili chuoni na bado anakumbuka hofu yake.

Msichana mmoja wa darasa langu aliandika insha kuhusu safari yake ya kwanza Israeli. Ilikuwa nzuri, machozi, ukuta wa Yerusalemu, bibi yake. Mlezi wake hakugusa sarufi. Alimrudishia ameandika pembeni swali moja: "Nani angekasirika akiisoma hii, na ana haki gani?" Msichana akaja kwangu amevimba. Wiki ile hakuandika neno. Alipoandika tena, insha ilikuwa na mtu wa pili ndani yake, binamu yake asiyekubaliana naye hata kwa salamu. Sijui kamati ya chuo iliionaje. Mimi niliona mtu aliyeanza kufikiri.

Kwa hiyo mama, mwambie huyo mshauri wako aache kurekebisha sentensi, aulize maswali. Na kama kijana anapenda kusoma kwa kina, watazame Telluride Association. Wana semina za majira ya joto za bure kwa wanafunzi wa sekondari wa dini na rangi zote, nao wanafundisha kwa mjadala.

---

Mtu wa Mwembechai

Mnazunguka mbuyu. Hawa watu vyuo ni vyao. Ndugu anamwingiza ndugu. Havruta kitu gani.

---

Mwalimu wa Namba

Nilikuwa nakusubiri. Karibu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Wayahudi walikuwa wamefika zaidi ya asilimia 20 ya wanafunzi wa Harvard, wengi watoto wa wahamiaji waliofaulu mtihani wa kuingia. Mwaka 1922 rais wa Harvard, A. Lawrence Lowell, akapendekeza wawekewe kikomo, asilimia 15. Kelele zikawa kubwa, kikomo cha wazi kikakataliwa. Basi wakabadilisha mlango. Mwombaji akatakiwa kuleta picha, wakaanza kupima "tabia", mkoa anakotoka, barua za watu, mahojiano. Idadi ikashuka bila mtu kutamka neno Myahudi. Katika Chuo Kikuu cha Yale mambo hayo yalidumu hadi miaka ya mwanzo ya 1960. Sehemu kubwa ya fomu hii inayowatesa watoto leo, insha na uongozi na "wewe ni nani", ina mizizi kwenye kuwazuia hao unaosema vyuo ni vyao.

Walikwenda wapi? New York wengi walikwenda City College, chuo cha umma kisicho na ada hadi mwaka 1976. Miaka ya 1930 kwenye mkahawa wake kulikuwa na mashubaka ya kukaa ukutani. Shubaka namba 1 walikaa wanaompinga Stalin, namba 2 wanaomuunga mkono. Vijana maskini, chai moja, wanabishana kutwa. Humo namba 1 walikuwamo Irving Howe, Daniel Bell, Nathan Glazer na Irving Kristol, ambao baadaye waliandika nusu ya siasa ya Marekani, wengine upande wa kushoto, mwingine kulia kabisa. Hakuna aliyewalea pale, walileana wenyewe. Na mwaka 1948 jumuiya ikafungua chuo chake, Brandeis, kisichobagua, ambacho kiliwahi kupokea wanafunzi wa sekondari majira ya joto kwenye programu ya Genesis.

---

Chumvi Kali

Historia tamu. Ila mwalimu unaruka moto. Baada ya Oktoba 2023 hao vijana wakiingia chuoni wanakutana na mahema ya wanafunzi wanaoandamana kwa ajili ya Palestina. Wanaandaliwa kwa hilo au wanapewa propaganda? Sema ukweli usiturembee.

---

Mwalimu wa Namba

Siruki, nilikuwa naelekea huko, na ndiko ninakokwazika zaidi.

Tangu Oktoba 7, 2023, na hasa baada ya mahema ya Columbia Aprili 2024, wazazi wana hofu. Baadhi ya watoto wao wametukanwa, wengine wamesukumwa. Hofu hiyo siidharau. Lakini imezaa soko la maandalizi ya aina nyingine: warsha ya mchana mmoja, kitini cha "wakisema hivi, jibu hivi". Nimekaa nyuma ya warsha moja ya hivyo. Watoto waliofundishwa miaka minne kumshambulia Rashi wakapewa majibu ya kukariri, na mwezeshaji akaruhusu maswali mawili tu mwishoni. Mvulana mmoja aliuliza kuhusu idadi ya watoto waliokufa Gaza. Akaambiwa swali hilo ni la upande wa pili. Akafunga daftari.

Mtoto wa hivyo akifika chuoni akakutana na Mpalestina wa kweli, mwenye bibi wa kweli na nyumba ya kweli iliyopotea, kile kitini hakimfikishi hata mlango wa bweni. Ama anakitupa na kutupa kila kitu pamoja nacho, ama anakishika na kuziba masikio.

Na wenyewe kwa wenyewe wanabishana hili muda mrefu. Hillel, jumuiya ya wanafunzi wa Kiyahudi vyuoni iliyoanza Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1923, iliweka mwaka 2010 kanuni za nani asialikwe kuzungumza kuhusu Israeli. Mwaka 2013 wanafunzi wa Hillel ya Swarthmore wakasema kanuni hizo hawazifuati, wamwalike yeyote. Mwaka 2015 wakaliacha jina la Hillel kabisa. Mwaka 2024 kwenye vyuo vile kulikuwa na wanafunzi wa Kiyahudi ndani ya mahema na wanafunzi wa Kiyahudi nje wakiyapinga. Baadhi walikuwa shule moja. Nawajua wawili waliokuwa havruta moja, na bado wanapigiana simu kutukanana kwa heshima.

Kuna kisa kimoja kwenye Bava Metzia hiyo hiyo. Rabi Yohanan wa Tiberia, karne ya 3, alikuwa na mwenzake Resh Lakish, jambazi wa zamani aliyegeuka msomi. Siku moja wakabishana kuhusu panga na kisu, Yohanan akamrushia neno baya kuhusu ujambazi wake wa zamani, Resh Lakish akaugua akafa. Yohanan akavunjika moyo. Wakamletea msomi mwingine, mpole, Elazar ben Pedat. Kila Yohanan alilosema, Elazar akajibu: kuna mapokeo yanayokuunga mkono. Yohanan akamjia juu. Akasema Resh Lakish angenipinga mara 24, ningemjibu mara 24, na sheria ingepanuka. Wewe unaniambia niko sahihi, kwani mimi sijui kama niko sahihi? Akazunguka akirarua nguo akimwita mwenzake, mpaka akili ikamruka.

Mlezi ninayemtaka kwa kijana wa miaka 17 ni Resh Lakish. Warsha ile ilitoa Elazar ishirini kwa mchana mmoja.

---

Dereva wa Malaba

Mwalimu hapo umegonga. Niongeze ya huku kwetu maana watu hudhani Wayahudi ni wazungu tu. Mbale, Uganda, kuna Abayudaya. Wametokana na Semei Kakungulu, yule jenerali wa Waganda, aliyeingia Uyahudi mwaka 1919. Amin alipiga marufuku dini yao, wakasali kwa kujificha. Rabi wao Gershom Sizomu alikwenda kusomea urabi Los Angeles, akapata daraja mwaka 2008, akarudi Nabugoye. Wana sekondari inaitwa Semei Kakungulu High School, na ndani wanasoma Wayahudi, Waislamu na Wakristo pamoja.

Huko tatizo si SAT. Kijana akimaliza kidato cha sita, jirani aliyewahi kukaa chuo kikuu ni wa kutafuta kwa tochi. Rabi mmoja hawezi kuwa mlezi wa wote.

---

Mwalimu wa Namba

Asante Dereva, hilo ndilo pengo hasa. Vitabu vyenyewe vimeacha kuwa kikwazo. Kuna maktaba ya mtandaoni, Sefaria, bure kabisa, Talmudi nzima ina tafsiri ya Kiingereza. Kijana wa Nabugoye mwenye simu ana ukurasa ule ule wa kijana wangu wa New Jersey. Asichonacho ni mtu aliyetangulia. Kwangu, kama kuna jambo la maana hizo pesa za wafadhili zingefanya, ni kuwaoanisha hao wawili kila wiki kwa simu, wasome wabishane, wote wawili wafaidi. Wa kwangu huenda akafaidi zaidi.

Shekhe wa Shela, sijakusahau. Leo asubuhi niliandika ubaoni jibu lako la theluthi mbili na theluthi moja, bila kusema limetoka wapi. Darasa likagawanyika. Kuhusu hoja yako kwamba mkweli ameadhibiwa, mmoja akajibu ndiyo maana kuna kiapo, rabi Yohanan yuko pale pale ukurasa unaofuata anasema kiapo kiliwekwa ili watu wasiende wakikamata nguo za wenzao ovyo. Mwingine akamwambia kiapo hakimzuii mwongo hodari. Kisha wakakutumia swali. Waje wadai watatu: wawili kila mmoja asema yote yangu, wa tatu asema nusu yangu. Wao kwa kanuni ya shuka wamepata tatu ya nane, tatu ya nane, na robo. Wanataka la kwako.

---

Shela Baharini

Mbili ya tano, mbili ya tano, moja ya tano. Na waulize: mbona kwenu huyu wa nusu alipata robo walipokuwa wawili, na sasa kaongezeka mdai mzima, bado ana robo ile ile? Nani kamlipia? Nasubiri, ila wajibu kabla ya Ijumaa, nina safari ya Faza.